Bustani Huanzia Jikoni

Watu wengi wakisikia neno bustani hufikiri kwanza jembe, kisha mbegu, kisha maji. Mimi, katika miaka mingi ya kufundisha huku Kigoma, nimejifunza kwamba mambo hayo matatu ni ya baadaye. Bustani njema ya nyumbani huanzia jikoni. Kabla ya kulima hata hatua moja, yampasa mtu aketi na watu wa nyumba yake na kuuliza maswali matatu. Chungu chetu hukosa nini? Hukosa siku gani? Na ni mikono ya nani itakayochota maji? Mwenye kuyajibu maswali hayo kwa kweli amekwisha kupanga nusu ya bustani yake. Asiyeyajibu huenda akalima sana na kuchuma kidogo. Basi nataka kuwaeleza ninyi wasomaji jinsi maswali hayo yalivyojibiwa nyumbani kwangu, ili kila mmoja wenu apate kuyajibu nyumbani kwao.

Nyumba yetu iko mtelemkoni, katika njia itokayo Kigoma kwenda Ujiji. Siku ambazo hewa ni safi, tukisimama mlangoni twaliona ziwa na milima ya Kongo ng'ambo yake. Tu watu saba: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, na watoto wetu wanne. Chakula chetu ni kile cha watu wa pwani hii. Twala ugali wa muhogo au wa mahindi, maharage, dagaa, na siku za neema migebuka. Mafuta yetu ni mawese, yale mafuta mekundu yatokayo katika matunda ya mchikichi. Mtoto aliyelelewa kando ya Ziwa Tanganyika huhesabu dagaa kuwa kitoweo cha kila siku, kama vile mtoto wa wafugaji ahesabuvyo maziwa.

Lakini dagaa wana desturi yao. Hao hufuata mwanga usiku, na kwa sababu hiyo wavuvi huenda ziwani gizani, nao huwasha taa juu ya maji. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Samaki wakikusanyika chini ya taa, huzungushiwa wavu na kupandishwa. Ila mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya ziwa lote, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuwaita. Siku hizo, zipatazo saba hata kumi katika kila mwezi, vyombo vingi hukaa ufukoni, na wavuvi hushona nyavu zao. Ndipo dagaa hupungua sokoni, bei hupanda, na mama wa nyumba hurudi na kikapu chepesi. Nimeona mara nyingi darasani kwamba siku za mbalamwezi wako watoto waliokula ugali kwa chumvi tu. Hawasemi, maana mtoto mwenye adabu hasimulii chakula cha kwao. Lakini mwalimu hujua, kwa kuwa kabla ya saa sita macho yao yamekwisha kulegea.

Tena katika mwaka 2024 lilitokea jambo kubwa zaidi. Nchi nne zinazozunguka ziwa letu, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilipatana kwamba samaki wapewe nafasi ya kuzaa na kukua, kwa kuwa walikuwa wakipungua. Kwa ajili hiyo uvuvi ulisimamishwa huku kwetu tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti 2024, muda wa miezi mitatu kamili. Habari hiyo tuliisikia mapema kabla ya ziwa kufungwa, nayo ndiyo iliyotuketisha mimi na mke wangu na mama yangu jioni moja, na daftari la hesabu likawa katikati yetu. Sikulaumu shauri lile, kwa maana asiyemwachia kuku mayai hatapata vifaranga. Lakini nyumba yenye watu saba haishibi kwa shauri jema peke yake.

Swali la kwanza, basi, lilijibiwa upesi: chungu chetu hukosa kitoweo. Swali la pili lilihitaji kalenda. Huku Kigoma mvua huanza mwisho wa Oktoba au Novemba, nazo hunyesha hata Aprili au mwanzo wa Mei. Kwa mwaka mzima hupatikana kiasi cha milimita 1000 hivi, lakini Juni, Julai na Agosti huwa kavu kabisa. Wakati wa mvua mchicha huota wenyewe kando ya nyumba, majani ya maboga hutambaa hata njiani, na kunde hujaa. Ukienda sokoni wakati huo na fungu la mchicha, utarudi nalo. Lakini mwezi wa Agosti fungu lile lile huwa dogo, na bei yake huwa kubwa. Tulipoziandika habari hizi katika mistari miwili, mmoja wa samaki na mmoja wa mvua, tuliona wazi kwamba miezi ya ziwa kufungwa ilikuwa ndiyo miezi ya kiangazi. Upungufu wa aina mbili ungeingia jikoni kwa wakati mmoja.

Jirani yetu mmoja ni bibi mzee, mzaliwa wa Ujiji, ambaye mikono yake imepanda mboga tangu kabla sijazaliwa. Nilikwenda kumwamkia na kumwomba shauri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kitako."

Nilipomweleza nia yangu, aliniuliza bustani ile ni ya wakati gani. Nikamjibu kwamba ni ya kiangazi. Akacheka kidogo, akasema, "Vema. Mboga ya masika hupandwa na mvua, hata mvivu huichuma. Mboga ya kiangazi hupandwa na mtu. Sasa niambie, mwanangu, maji utatoa wapi?"

Hilo ndilo swali la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha mita 1470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, lililoko Urusi, lililo refu zaidi kwenda chini. Lakini mchicha hauoti kwa maji ya kutazamwa. Maji yaliyoko chini ya kilima hayamfai mwenye tuta juu ya kilima, mpaka apatikane mtu wa kuyapandisha. Sisi twachota katika bomba la mtaa, na kwenda na kurudi huchukua dakika 20 kwa ndoo moja. Mke wangu alinitazama nikishika kalamu, akasema, "Baba watoto, kabla hujaandika idadi ya matuta, andika kwanza jina la atakayechota maji."

Nataka hasa ninyi wavulana mlishike neno hilo. Katika nyumba nyingi bustani huitwa ya baba, mazao huitwa ya nyumba, lakini ndoo huwa juu ya kichwa cha binti. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mboga za majani wakati wa kiangazi huhitaji kiasi cha lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kila siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 lina mita 4 za mraba. Kwa hiyo hunywa lita 20, nazo ni ndoo moja kamili. Kumbukeni kanuni hii, maana ni nyepesi: tuta moja, ndoo moja. Sasa mtu akipiga matuta kumi, ni ndoo kumi. Ndoo kumi kwa dakika 20 ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini kila siku. Binti yetu wa kwanza alikuwa darasa la sita wakati ule. Kama angechukua kazi hiyo peke yake, angesoma saa ngapi? Bustani ya namna hiyo ingemlisha tumboni na kumnyang'anya kitabu mkononi.

Basi tuliandika majina kwanza. Mimi nitachota ndoo mbili, mwanangu wa kiume ndoo moja, binti yangu ndoo moja. Zaidi ya hizo, mama yangu alikumbusha kwamba maji ya kuoshea mboga na mchele, na ya mwisho ya kusuuzia vyombo, ambayo hayana sabuni nyingi, humwagwa bure nje. Tuliyakusanya katika pipa siku tatu, tukaona kwamba yanafika ndoo mbili kila siku. Jumla ikawa ndoo sita. Kwa hiyo bustani yetu ikawa ya matuta sita, si moja zaidi, ingawa nafasi ya matuta kumi ilikuwapo. Ukubwa wa bustani ya kiangazi haupimwi kwa hatua za miguu. Hupimwa kwa ndoo, na kila ndoo ina mwenyewe.

Baada ya hayo ndipo tulipochagua mahali. Wako watu wa pwani walimao ukingoni kabisa mwa ziwa, kwa kuwa udongo wa pale ni mbichi hata wakati wa kiangazi. Sikutaka kufanya hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na kukataza humo shughuli za kudumu au zile zenye kudhuru mazingira. Sababu ya pili ni kwamba ziwa hili halikai mahali pamoja. Pale Ujiji pana ukumbusho wa mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Wakati ule maji yalikuwa karibu na mji. Leo mgeni akisimama kwenye ukumbusho huo humpasa kutembea ili alifikie ziwa. Kisa chake ni kwamba kiasi cha mwaka 1878 maji yalikuwa yamejaa mno, yakavunja kizuizi cha matope na majani katika mto Lukuga upande wa Kongo, nayo yakashuka miaka mingi iliyofuata. Tena katika miaka yetu hii, hasa mwaka 2021 na mwaka 2024, maji yalipanda upya na kuingia katika nyumba na mashamba ya ukingoni. Apandaye mpapai kwenye mchanga wa pwani amempa ziwa amana asiyoweza kuidai.

Sisi tulichagua nyuma ya jiko, hatua kumi na tano kutoka mlangoni. Mahali hapo hupata jua tangu asubuhi hata alasiri. Tena bustani iliyo karibu huonwa kila siku. Mdudu akiingia leo, kesho amejulikana. Lakini mahali hapo ni mtelemko, na udongo wetu mwekundu wa Kigoma huchukuliwa upesi na maji. Mvua moja kubwa yaweza kubeba rutuba ya miaka na kuitia ziwani. Kwa hiyo matuta hayana budi kukingama na mtelemko, wala yasiteremke nao. Ili kupata usawa tulitumia chombo ambacho kila mtoto aweza kukitengeneza. Chukua miti miwili iliyo sawa kwa urefu, ifunge vichwa, kisha funga mti mfupi katikati mfano wa herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kichwani. Simamisha chombo, tia alama mahali kamba inapopita katika mti wa katikati. Halafu geuza miguu, wa kulia uwe mahali pa wa kushoto, na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukitembea nacho shambani, kila kamba inapopita katika usawa, miguu yote miwili iko katika kimo kimoja. Tia vijiti hapo, nawe umepata mstari wa tuta lako.

Jambo jingine la matuta ni hili. Wakati wa mvua tuta huinuliwa, ili maji yasisimame penye mizizi. Wakati wa kiangazi hufanywa kinyume: mahali pa kupandia hushushwa kidogo kuliko ardhi ya kando, mfano wa sinia, ili ndoo yako isikimbie. Kisha udongo hufunikwa kwa majani makavu, jua lisinyonye unyevu. Samadi ya mbuzi iliyooza vema tulichanganya na udongo kabla ya kupanda. Samadi mbichi haifai, kwa maana huunguza miche.

Sasa nieleze tulivyopanda. Tuta la kwanza na la pili yalikuwa ya mchicha, nayo tuliyapanda kwa kufuata hesabu ya mwezi. Msidhani kwamba nasema mwezi huotesha mboga, sisemi hivyo. Nasema kwamba mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na kwamba tangu mwezi mpevu mmoja hata mwingine ni siku 29 au 30. Basi mtu akipanda mchicha wakati wa mbalamwezi, utakuwa tayari mbalamwezi ya pili itakapofika, yaani siku zile zile ambazo dagaa hawapo. Kwa mfano, baada ya ziwa kufunguliwa, mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19 Agosti 2024, na tena tarehe 18 Septemba. Katikati zilipita siku 30. Mbegu iliyotiwa siku ya kwanza ilikuwa chunguni siku ya pili. Tuta la pili tulilipanda wiki mbili baada ya la kwanza, ili wakati wa giza nao tusikose majani kabisa. Hivyo wavuvi na bustani walipokezana kazi: mmoja akipumzika, mwingine alete.

Tuta la tatu lilikuwa la matembele. Mboga hii haihitaji mbegu; wakata tawi, walipanda, nalo hushika. Ukichuma huchipua tena, na majani yake hufunika ardhi. Tuta la nne lilikuwa la nyanya na nyanya chungu. Tuta la tano lilikuwa la kunde, ambazo hutupa majani kwanza na mbegu baadaye, tena katika mizizi yake mna vinundu vidogo vyenye kuirudishia ardhi nguvu. Tuta la sita tuliligawa kati ya bamia na vitunguu. Mahali palipokuwa na nyanya msimu huu hapapandwi tena nyanya, wala nyanya chungu, wala pilipili, wala mnavu msimu unaofuata, kwa kuwa hao wote ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja humngojea ndugu yake ardhini. Afadhali wafuatwe na kunde.

Pembezoni tulipanda mimea isiyodai ndoo kila siku. Upande wa chini tulipanda safu ya mihogo, ambayo huvumilia kiangazi, na majani yake ni kisamvu, ambacho wengi huku kwetu hukiita sombe. Lakini angalieni: majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, basi hutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu. Penye kona mbili tulipanda mipapai, na karibu na ua mlonge mmoja. Karibu kabisa na mlango wa jiko, mahali ambapo maji ya kunawia humwagika, mama yangu alichukua kipande kidogo kuwa chake. Hapo alipanda viungo: mchaichai, mrehani, kotimiri, tangawizi na mashina mawili ya pilipili. Viungo huonekana kuwa vitu vidogo, lakini mtu alaye kunde siku tano mfululizo hujua thamani ya jani moja la kotimiri. Mchaichai huchemshwa asubuhi ukawa kinywaji kizuri. Ila mtoto akipatwa na homa hatumpi majani ya bustani na kungoja. Twampeleka zahanati akapimwe.

Huenda mtu akasema kwamba baadhi ya mimea hii ni ya kigeni. Ni kweli, nayo karibu yote imesafiri. Muhogo, mahindi, nyanya, pilipili, viazi vitamu na papai vilitoka bara la Amerika. Tangawizi na mchaichai vilitoka Asia, na mlonge Bara Hindi. Mchikichi, ambao twauona kuwa mti wetu kabisa, kwao ni Afrika ya Magharibi. Kunde ni za bara letu hili. Ujiji ulikuwa mji wa misafara, na penye misafara mbegu hupita pamoja na watu. Mboga haina kabila. Huwa ya yule aitunzaye.

Mama wa nyumba hana budi kujua pia namna ya kuzipika. Majani ya kijani kibichi kilichokoza yana asili ya vitamini A, ambayo hulinda macho na kuupa mwili nguvu ya kushindana na magonjwa. Lakini mwili hauwezi kuipokea vema pasipo mafuta. Kwa hiyo kijiko cha mawese katika sufuria ya matembele si anasa. Ndicho kinachofungua mlango. Na mawese yenyewe, kwa sababu ya wekundu wake, yana asili ya vitamini hiyo hiyo, mradi yasichomwe hata yakapoteza rangi. Hapa watu wa Kigoma tuna bahati ambayo wengi hawana.

Sasa mtaniuliza, je, bustani ile ililisha nyumba katika ile miezi mitatu? Nitajibu kwa haki. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kwa watu saba ni gramu 2800, yaani kilo 2 na gramu 800. Tulikuwa tukipima tulichochuma, na siku nyingi hatukufika hata nusu ya kiasi hicho. Matuta sita hayawezi kufanya kazi ya shamba zima, wala jani haliwi samaki. Ile nguvu ya kujenga mwili, ambayo kwa kawaida twaipata katika dagaa, tuliitafuta katika maharage na kunde kavu tulizonunua mapema wakati wa mavuno, bei ilipokuwa rahisi. Lakini hapakupita siku ambayo ugali uliliwa kwa chumvi peke yake. Fedha ambayo ingenunua mchicha wa Julai ilinunua maharage. Na binti yangu alichota ndoo yake moja kila alasiri, kisha akaketi na vitabu vyake kabla ya jua kuchwa.

Katika mwezi wa pili wa kufungwa kwa ziwa alikuja mke wa mvuvi mmoja, jirani yetu wa upande wa chini. Mumewe alikuwa amekaa bila kazi tangu Mei. Alisimama kando ya tuta la matembele, akasema na mke wangu habari nyingine nyingi, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye shida na haya. Mke wangu hakungoja aombe. Alikata matawi ishirini, akayafunga kwa ugomba, akampa pamoja na fungu la kupika jioni ile. Matembele yana tabia hii njema, kwamba ukimpa mwenzako hupungukiwi. Tuta lililokatwa huchipua kwa nguvu zaidi. Ziwa lilipofunguliwa, nyuma ya nyumba ya mvuvi yule palikuwa na matuta mawili ya kijani. Nilipomuuliza kwa nini ni mawili tu, mkewe alijibu, "Mwalimu, sisi tuna ndoo mbili." Nikajua kwamba somo limefika.

Basi ninyi wasomaji, nawapa kazi, nayo haihitaji jembe wala fedha. Chukueni daftari, mpige mistari ya siku 30. Kila jioni andikeni kitoweo kilicholiwa nyumbani, na kama mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo. Andikeni pia ni nani aliyechota maji, ndoo ngapi, na kwa dakika ngapi. Siku ya 30 someni mlichoandika mbele ya wazee wenu kwa heshima, mkawaulize ni ndoo ngapi zinazoweza kupatikana kwa bustani pasipo kumwonea mtu. Hesabu hiyo ndiyo idadi ya matuta yenu. Ikiwa ni moja, pigeni moja, mpande matembele. Na wewe mvulana, jina lako na liwemo katika orodha ya ndoo kabla halijawamo katika orodha ya walaji.